Geti Haliui Vijidudu

Kuna kauli iliyokita mizizi katika hospitali zetu kiasi kwamba ni wachache wanaoihoji: ndugu wa wagonjwa ndio wanaoingiza magonjwa wodini, kwa hiyo wakipunguzwa, wagonjwa watakuwa salama zaidi. Utaisikia kwa mganga mfawidhi anapotetea ratiba mpya ya kuona wagonjwa. Utaisikia kwa muuguzi anayewatoa watu wodini kwa sauti ya juu. Utaisikia kwa mlinzi wa getini, ambaye hajafundishwa lolote kuhusu maambukizi lakini ndiye aliyekabidhiwa kazi ya kuyazuia. Hata sisi tunaorudishwa na hotpoti zetu mkononi tumeipokea. Tunanung'unikia ukali wa mlinzi, lakini hatuulizi kama sheria anayoisimamia inamlinda mgonjwa wetu.

Mimi nasema haimlindi. Sheria za kutembelea wagonjwa, kama zinavyotekelezwa katika hospitali nyingi za Tanzania na Kenya, zinapunguza msongamano na kelele, halafu zinajiita kinga dhidi ya maambukizi. Maambukizi yenyewe yanaendelea kupita kwenye njia zake za siku zote, na njia hizo hazipiti getini. Tukitaka kweli wagonjwa wetu wasiugue ugonjwa wa pili wakiwa wamelazwa, tumtoe ndugu kizimbani, tumpe maji, sabuni na mafunzo.

Tatizo lenyewe ni kubwa, na sitaki msomaji adhani ninalipuuza. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti kuhusu kinga ya maambukizi katika huduma za afya. Ripoti hiyo inasema kwamba kati ya wagonjwa 100 wanaolazwa katika hospitali za nchi tajiri, 7 hupata angalau ambukizo moja humo humo hospitalini. Katika nchi za kipato cha chini na cha kati, wanaoambukizwa ni 15. Kwa wastani, mmoja kati ya kila kumi walioambukizwa hufariki. Mtu anakuja na mguu uliovunjika, anaondoka na jeneza.

Sasa tazama maambukizi hayo ni ya aina gani. Ni kidonda cha upasuaji kinachotunga usaha. Ni sumu ya damu inayoanzia pale kanula ilipochomwa. Ni ugonjwa wa njia ya mkojo unaomfuata mgonjwa aliyewekewa mpira ukakaa siku nyingi kuliko ilivyohitajika. Ni homa ya mapafu ya mtu aliyeunganishwa na mashine ya kupumulia. Kila kimoja katika hivyo kinaanza na mkono uliomgusa mgonjwa au kifaa kilichoingia mwilini mwake. Shangazi aliyeleta uji hachomi kanula. Mjomba aliyesimama pembeni ya kitanda akiomba dua hafungi kidonda wala habadilishi mpira wa mkojo. Kumfanya yeye kuwa chanzo kikuu cha maambukizi ni kuupa kisogo ushahidi wenyewe.

Simlaumu muuguzi. Namjua anavyofanya kazi: yuko peke yake zamu ya usiku na wodi nzima, anatoka kwa mgonjwa mmoja kwenda kwa mwingine mbio, kipimo cha presha ni kimoja kwa vitanda vyote, na sinki liko mwisho wa korido, pengine bomba lake halitoi maji. Mwaka huo huo wa 2022, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walieleza kwamba nusu ya vituo vya afya duniani havina huduma za msingi za usafi wa mikono, yaani maji na sabuni au kitakasa mikono pale mgonjwa anapohudumiwa, pamoja na maji na sabuni chooni. Hilo ndilo pengo ambalo vijidudu wanapitia. Lakini pengo la maji halionekani kirahisi, na kuliziba kunahitaji bajeti. Ndugu anaonekana kila jioni akiwa na kikapu chake. Mkamatwa na ngozi ndiye mwizi.

Historia ya ukanda wetu imeshatoa ushahidi mara kadhaa. Ebola ilipotokea Yambuku, kaskazini mwa Kongo, mwaka 1976, hospitali ya misheni ya hapo ilikuwa ikitoa sindano tano kila asubuhi kwa ajili ya wagonjwa wa nje na waliolazwa, na kati ya mgonjwa na mgonjwa sindano zilisuuzwa tu kwa maji ya vuguvugu. Watu 318 waliugua na 280 wakafa. Ugonjwa ulienea pia majumbani kwa kuuguzana na kwa mazishi, lakini hospitali ndiyo iliyouwasha moto. Miaka 42 baadaye, mwaka 2018, Ebola ikafika Beni, Kivu ya Kaskazini, mji ambao Kiswahili ni lugha yake ya sokoni na ya wodini. Huko nako wengi, wakiwemo watoto wadogo, waliambukizwa katika vituo vidogo vya tiba walikopelekwa kwa malaria na homa nyingine.

Mfano wa karibu zaidi ni Rwanda. Mwishoni mwa Septemba 2024 nchi hiyo ilitangaza mlipuko wa Marburg. Hadi ulipotangazwa kwisha mwezi Desemba, wagonjwa 66 walikuwa wamethibitishwa na 15 wamefariki. Takriban asilimia 80 ya waliougua walikuwa watumishi wa afya. Ugonjwa ulikuwa ukizunguka ndani, kwenye vyumba vya wagonjwa mahututi, kati ya mikono iliyokuwa ikiokoa maisha ya watu. Wanyarwanda walisimamisha kutembelea wagonjwa hospitalini, na walikuwa na haki. Lakini hata katika wiki zile za hatari, maelekezo ya wizara yao yalimruhusu kila mgonjwa aliyelazwa kuwa na mtu mmoja wa kumhudumia. Walijua kutofautisha mtembeleaji na muuguzaji. Sisi, hata pasipokuwa na mlipuko wowote, tunawaweka wote kundi moja na kuwafungia geti kwa pamoja.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha hoja yangu. Katika wodi zetu ndugu hafiki kutazama tu. Ndiye anayemlisha mgonjwa, anayemwogesha kwa beseni, anayemgeuza ubavu, anayempelekea choo cha kitandani na kukimwaga, anayefua shuka lililochafuka, anayekimbilia duka la dawa kununua kile ambacho hakipo, na anayemwita nesi dripu inapoisha. Hospitali inajua hivyo, na imepanga idadi ya watumishi wake ikitegemea hivyo. Kisha ratiba inapobandikwa ukutani, mtu huyo huyo anaitwa mgeni.

Fuata kinachotokea geti linapofungwa saa kumi na mbili jioni. Mzee aliyepooza upande mmoja anabaki peke yake hadi asubuhi. Akijikojolea, analala juu ya mkojo. Asipogeuzwa, ngozi ya kiunoni na ya visigino inaanza kufa, na baada ya siku chache kuna kidonda cha kulalia, mlango uliofunguliwa wazi kwa vijidudu kuingia hadi mfupani. Asipopewa maji, mkojo unapungua na kukaa kwenye kibofu. Chakula akipewa haraka haraka akiwa amelala chali, kinaingia njia ya hewa na kuzaa homa ya mapafu. Hayo yote yanaandikwa baadaye kwenye faili kama maambukizi. Hakuna anayeandika kwamba chanzo chake ni binti aliyetolewa wodini na mlinzi.

Ushahidi mzito zaidi kwamba ndugu anaweza kuwa kinga umetoka katika hospitali zetu wenyewe. Kwa miaka mingi wodi za watoto njiti ziliendeshwa kwa imani kwamba mama ni hatari kwa mtoto wake: mtoto akae kwenye kitanda chake cha joto, mama alale wodi nyingine, aje kwa saa maalumu kukamua maziwa. Kisha ukafanyika utafiti mkubwa katika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania. Kwetu ilikuwa Hospitali ya Taifa Muhimbili. Watoto 3,211 waliozaliwa na uzito wa kilo moja hadi pungufu kidogo ya kilo 1.8 waligawanywa makundi mawili. Kundi la kwanza lilipata huduma ya kawaida. Kundi la pili waliwekwa kifuani mwa mama zao ngozi kwa ngozi tangu muda mfupi baada ya kuzaliwa, na vitanda vya akina mama vikaingizwa ndani ya wodi ya watoto wachanga mahututi, mahali ambapo kabla ya hapo mama alikuwa mtu wa kupita. Mama alipokuwa hajiwezi, ndugu mwingine alishika nafasi yake.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Katika kundi la huduma ya kawaida, asilimia 15.7 ya watoto walifariki ndani ya siku 28. Katika kundi lililokaa na mama, waliofariki ni asilimia 12. Tofauti ilikuwa wazi kiasi kwamba utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake, maana kuendelea kuwanyima wengine huduma hiyo lilikuwa jambo lisilokubalika kimaadili. Na kwa hoja yetu hapa kuna la ziada: dalili za sumu ya damu, ugonjwa ule ule ambao mama alifukuzwa ili usimfikie mtoto, zilipungua kwa waliokaa na mama. Sababu zinaeleweka. Mtoto aliye kifuani hushikwa na mikono michache zaidi ya watu wa nje. Ngozi yake inakaliwa na bakteria wa mama, wasio na madhara, badala ya wale sugu wa wodini. Na ananyonya mapema. Kwa muda wote ule tulikuwa tukimlinda mtoto dhidi ya mtu aliyekuwa kinga yake.

Wapo watakaosema kwamba mtoto na mama ni jambo la pekee, na mtu mzima mahututi ni jambo jingine. Brazil walilipima hilo. Katika vyumba 36 vya wagonjwa mahututi walilinganisha kutembelewa kwa muda mfupi, kama saa moja na nusu kwa siku, na kutembelewa hadi saa 12 kwa siku. Matokeo yalitolewa mwaka 2019. Maambukizi hayakuongezeka pale milango ilipoachwa wazi, na wasiwasi na huzuni vilipungua kwa wanafamilia. Jambo moja katika utafiti huo linapaswa kuandikwa kwa herufi kubwa: ndugu aliyepewa ruhusa ya kukaa muda mrefu alilazimika kwanza kuhudhuria kikao cha kufundishwa mambo ya chumba kile, ikiwemo kujikinga na maambukizi. Walimfungulia mlango wakampa na wajibu.

Najua jibu litakalokuja: Brazil wana nafasi, sisi vitanda vimebanana na wengine wanalala chini, wakiingia wote patakuwa soko. Ni hoja ya kweli kuhusu msongamano, na ninaijibu kama hoja ya msongamano. Ukiwapa watu wote wa hospitali nzima saa mbili zile zile, lazima wajazane saa mbili zile zile. Foleni ya getini saa kumi jioni imetengenezwa na ratiba. Ukimruhusu kila mgonjwa mtu mmoja kwa wakati mmoja, kwa saa nyingi, watu wale wale watasambaa mchana kutwa, na kila wakati wodini patakuwa na wachache kuliko wanaojaa sasa.

Zaidi ya hapo, hebu tusikilize geti linauliza nini. Linauliza umefika saa ngapi. Haliulizi kama unakohoa. Mtu mwenye kikohozi cha wiki ya tatu anaingia saa kumi kamili kwa sababu amewahi. Mama aliyembeba mtoto mwenye homa na vipele anaingia, kwa sababu saa zinaruhusu. Mtu mzima wa afya aliyenawa mikono anazuiwa kwa sababu amechelewa daladala. Na kila aliyewahi kuuguza anajua kwamba noti iliyokunjwa mkononi mwa mlinzi hufungua geti saa yoyote. Kinga inayoweza kununuliwa haimkingi mtu.

Kuhusu kikohozi, kuna jambo lingine ambalo geti haliligusi kabisa: hewa. Kifua kikuu hakihitaji mtembeleaji ili kisambae wodini, kinamtosha mgonjwa mmoja ambaye bado hajapimwa na madirisha yaliyofungwa. Katika hospitali ya wilaya ya Tugela Ferry, Afrika Kusini, wagonjwa 53 waligundulika mwaka 2005 na 2006 kuwa na kifua kikuu sugu kupindukia, na 52 kati yao walifariki. Wengi walikuwa wameshawahi kulazwa, na ushahidi ulielekeza kwamba kiliambukizwa ndani ya huduma za afya. Watafiti waliopima hewa katika hospitali za Lima, Peru, walichapisha mwaka 2007 kwamba kufungua madirisha na milango kulibadilisha hewa ya chumba mara 28 kwa saa, zaidi ya mara mbili ya mara 12 zinazopendekezwa kwa vyumba vinavyopitishiwa hewa kwa mashine. Wodi za zamani zenye dari ndefu na madirisha makubwa ndizo zilizofanya vizuri zaidi. Waliojenga hospitali ya Ocean Road ikitazama bahari, mwishoni mwa karne ya 19, walilijua jambo hili. Siku hizi tunajenga wodi zenye vioo vya kusukuma vinavyofunguka nusu tu, usiku tunavifunga kwa kuogopa baridi na mbu, kisha asubuhi tunamlaumu mtembeleaji.

Baada ya kusema hayo, sitaki kuungwa mkono na wale wanaopinga kila sheria kwa jina la utamaduni. Kumzuru mgonjwa ni ibada kwa Mwislamu na kwa Mkristo, na ni utu kwa kila mtu. Lakini kufika watu kumi na tano kwenye kitanda kimoja, wawili wamekaa miguuni mwa mgonjwa na watoto wakicheza chini ya kitanda, ni kumchosha na kumhatarisha. Wapo wanaopita kitanda hadi kitanda wakiwashika mikono wagonjwa wasiowajua ili kuwaombea, na hivyo kubeba vijidudu kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Wapo wanaorekebisha dripu, wanaogusa bandeji, wanaolisha wawili kwa kijiko kimoja. Mafua ya kawaida yanaweza kumuua anayetibiwa saratani, na surua inaweza kuifagia wodi ya watoto. Tahadhari si jambo la kigeni katika imani zetu. Khalifa Omar bin Khattab aligeuza msafara wake njiani aliposikia kwamba Sham kuna tauni. Kukaa nyumbani ukiwa na kikohozi na kupiga simu ni kumpenda mgonjwa vile vile.

Kwa hiyo natetea sheria, tena kali, ila ziulize mambo yanayohusika na ugonjwa. Kila mgonjwa asiyejiweza awe na muuguzaji mmoja anayejulikana kwa jina na mwenye kitambulisho, anayeruhusiwa kukaa mchana na, inapobidi, usiku. Siku ya kwanza afundishwe kwa robo saa: kunawa kabla ya kumgusa mgonjwa na baada ya kumgusa, kunawa baada ya kushika choo au shuka chafu, kutogusa kanula wala kidonda, kutomhudumia mgonjwa wa kitanda cha pili bila kunawa tena. Mlangoni mwa kila wodi kuwe na maji na sabuni, hata kama ni ndoo yenye bomba, na anayesimama hapo aulize kuhusu kikohozi, homa, vipele na kuhara kabla ya kuuliza saa. Wodi zitofautishwe: wodi ya kifua kikuu haiwezi kuwa na sheria sawa na ya wazazi au ya waliovunjika mifupa. Na sheria ya kunawa imhusu kila anayeingia, kuanzia daktari bingwa anayepita raundi na kundi la wanafunzi, hadi mfagiaji. Ndugu apewe haki ya kumwambia daktari kwa heshima, "Samahani daktari, hujanawa," bila kuogopa kwamba mgonjwa wake atanyimwa huduma.

Pale ambapo ugonjwa ni wa kuua kwa kugusa, kama Ebola na Marburg, mlango ufungwe bila huruma. Lakini hata hapo familia isiachwe gizani. Afrika Magharibi mwaka 2014 watu waliwaficha wagonjwa wao majumbani kwa sababu waliona jamaa zao wakiingizwa kwenye mahema na hawakuwaona tena, na kila aliyefichwa aliambukiza wengine. Beni walijifunza. Shirika la ALIMA lilileta vyumba vyenye kuta za plastiki angavu, ndugu akakaa nje na kuongea na mgonjwa wake wakitazamana. Familia inayoona haifichi wagonjwa.

Nawaambia waganga wafawidhi na wakurugenzi wa hospitali: kabla ya kubandika ratiba nyingine ya kubana saa za kuona wagonjwa, pita wodini mwako, hesabu mabomba yanayotoa maji, fungua madirisha, uliza sabuni iliisha lini. Hapo ndipo maambukizi yanapozuiwa, na hapo ndipo fedha ziende kwanza. Nawe ndugu yangu unayekwenda kuuguza: acha watoto nyumbani, usikae kitandani, nawa mikono unapoingia na unapotoka, na ukikuta hakuna maji, dai maji kwa uongozi kama unavyodai dawa. Mgonjwa wako ana haki ya kuwa na mtu wake, na ana haki ya kutouawa na mikono michafu, iwe yako au ya mtumishi. Hospitali inayoshindwa kumpa haki hizo mbili kwa pamoja haijatimiza wajibu wake, hata geti lake likiwa limefungwa kwa kufuli.